Nimeongeza kalori kidogo kidogo, mzani umeruka kilo 1.7 usiku mmoja. Nirudi nyuma?

Fundi_Majengo, Moshi
Habari za leo wakuu. Nina swali, na naomba asije mtu hapa kuniambia ninywe maji ya limao.

Mwezi wa pili nilikuwa na kilo 81. Nikajibana, kalori 1,300 kwa siku, mpaka mwezi wa kumi nikafika 68. Lakini nilikuwa hoi: baridi hainitoki, nywele zinabaki kwenye kitana, usiku naota mtori. Nikasema sirudii kula kama zamani, naongeza kalori 100 kila wiki nione mwili unapokeaje. Wiki ya kwanza ndizi mbivu moja saa nne asubuhi. Ya pili vijiko vitatu vya unga kwenye ugali wa mchana. Ya tatu kipande cha parachichi. Sasa niko 1,600.

Mimi ni fundi cherehani, kuandika vipimo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo uzito nauandika kwenye daftari lilelile la wateja. Napima kila asubuhi nikitoka chooni, kabla hata ya chai. Wastani wa wiki zote tatu: 68.1, 68.0, 68.1. Nikajiona nimeshinda.

Jumapili tukapanda Machame, ubarikio wa mtoto wa kaka. Kiburu (zile ndizi na maharage), machalari ya ndizi, nyama, soda mbili. Jumatatu asubuhi 69.7! Nimeshuka na kupanda mara nne, nikauhamisha mzani nikidhani ni kile kigae kilichopasuka. 69.7 ileile. Nirudi 1,300?

Baiskeli_Sakina, Arusha
Dada, piga hesabu kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa kalori 7,700 hivi. Kilo 1.7 ni zaidi ya 13,000, tena juu ya zile ambazo mwili unatumia kwa siku. Kwa Jumapili moja? Nina wajomba Machame, nawajua kwa sahani, na hata wao hawafiki.

Hayo ni maji. Wanga unaobaki mwili unauhifadhi kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu moja inakaa na karibu gramu tatu za maji. Wewe miezi minane ulikuwa na ghala tupu, sasa linajaa. Ongeza chumvi ya nyama, ongeza na chakula chenyewe ambacho Jumatatu asubuhi kilikuwa bado tumboni. Mimi naendesha baiskeli kwenda Ngaramtoni kila siku, na nikila wali mwingi jioni kesho yake napanda kilo nzima. Zamani nilikuwa nafunga kula. Siku hizi naandika namba, naendelea na safari.

Wewe mwenyewe unao wastani wa siku saba. Sasa namba ya Jumatatu moja inakutisha ya nini?

Mangi_Mstaafu
Kilo 68 mnalia? Bibi yangu alikuwa na 90 na kahawa alipalilia mwenyewe. Kuleni jamani.

Mama_Kiborloni
Mdogo wangu, kiburu si kina magadi? Magadi nayo yana sodiamu, yanashika maji kama chumvi. Umeyala sahani ngapi hatuulizi.

Halafu swali la sisi wanawake: uko siku ya ngapi ya mzunguko? Mimi siku chache kabla ya hedhi hata pete haitoki. Ndiyo maana silinganishi wiki hii na iliyopita, nalinganisha na wiki kama hii ya mwezi uliopita.

Ila kuna kitu umekitaja kwa kupita, mimi sikipiti. Baridi na nywele kutoka. Inawezekana ni kujibana tu, lakini nenda hospitali wakupime damu na tezi ya shingo. Mzani hauwezi kukwambia hayo. Na kurudi 1,300 ndiko kulikokufikisha hapo.

Fundi_Majengo, Moshi
Nimerudi. Jumanne 69.2, Jumatano 68.8, leo Alhamisi 68.4. Na ndiyo, dada, hedhi ni wiki ijayo, hilo sikulifikiria kabisa. Sahani zilikuwa mbili. Bibi wa Mangi asalimiwe huko aliko.

Jana nilichukua futi nikajipima kiuno, inchi 33, kama mwezi uliopita. Watu wanakuja hapa na vipimo vya kudanganya kila siku, najua kuvuta tumbo kunavyokuwa. Sikuvuta.

Nakiri na kosa langu. Jumatatu, kabla hamjajibu, niliruka chakula cha mchana kwa hasira. Saa kumi mikono inatetemeka, nikakata kola ya shati la mteja upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Kitambaa nimelipa mimi. Shilingi zangu hizo zingenunua maparachichi ya wiki mbili.

Kwa hiyo nabaki 1,600 mpaka hedhi ipite, nione wastani umetulia wapi, ndipo niongeze 100 nyingine. Kipimo cha damu naenda Jumamosi. Aika sana wote. Kola nimeikata upya jana usiku, nikiwa nimeshakula.