Majirani Ilazo, Dodoma: picha za pete na vito

Rehema: Shikamooni wakubwa. Pete za fedha zikipigwa kwa simu zinatoka nusu nyeupe nusu nyeusi, na simu yenyewe inaonekana humo ndani. Flashi imezimwa. Tatizo ni nini?

Mama Upendo: Marahaba mwanangu. Fedha iliyosuguliwa ni kioo. Kamera inapiga chumba kilichomo ndani ya pete: dirisha ndiyo hiyo nyeupe, kona yenye kivuli ndiyo hiyo nyeusi. Acha kuhangaika na pete, panga vinavyoizunguka.

Hamisi Sonara: Tafuta ndoo nyeupe ya plastiki, lita 5. Mulika tochi kwa nje: mwanga ukisambaa ndani, inafaa. Ukiona nukta kali, zungushia karatasi nyeupe kwa nje. Toboa kitakoni tundu la lenzi, sentimita 2 zinatosha, kisha igeuze ndoo uifunikie pete, simu ikae juu. Tundu likizidi litaonekana kama doa jeusi katikati ya pete. Ukitaka pete isimame, toboa ubavuni, na uishikize kwa punje ya nta ya mshumaa isiyozidi punje ya mtama.

Rehema: Si itatoka nyeupe tupu, haina umbo?

Mama Upendo: Ndivyo itakavyotoka. Sasa kata vipande viwili vya karatasi nyeusi, upana wa sentimita 1, uvisimamishe kushoto na kulia kwa pete, nje kidogo ya picha. Vitajichora kwenye fedha kama mistari myeusi ya ukingoni na umbo litarudi. Visogeze milimita mbili mbili huku ukitazama simu. Wengi wanairuka hatua hii, na inasikitisha, maana haina gharama na ndiyo inayofanya fedha ionekane fedha.

Baraka: Mkiacha ndoo na kutumia dirisha, simu ikae sentimita 25 hadi 30, kisha kuza mara 2. Ukiisogeza karibu inaziba mwanga, na upande wa mbele wa pete unavimba. Msikimbilie makro, ile lenzi ya kupigia vitu vya karibu sana: kwenye simu nyingi za bei nafuu ni megapikseli 2 tu. Bonyeza pete hadi fokasi ijifunge, punguza mwanga mpaka weupe uonyeshe mikwaruzo yake, weka kipima muda sekunde 3. Na zimeni taa. Balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, fedha inabeba rangi mbili, na ukisahihisha moja nyingine inaharibika.

Mzee Chilewa: Dirisha lipi? Hapa Dodoma, Aprili hadi Septemba jua linapita kaskazini, kwa hiyo tumieni dirisha la kusini. Novemba hadi Januari linapita kusini, hamieni la kaskazini. Jua lisiingie moja kwa moja. Likiingia, tundikeni shuka jeupe.

Neema: Ahsante Mzee. Na vito je? Mmeongelea fedha tu.

Mama Upendo: Kito kinataka kinyume chake. Krisopresi (kito cha kijani) ya Haneti, hapa Dodoma, inapitisha mwanga kiasi, basi mulika kwa nyuma, kijani kitawaka. Rubi ya Winza iliyokatwa inataka mwanga mdogo mkali ili itoe cheche: tochi ya simu ya pili, ifunike kwa karatasi nyeusi yenye tundu la milimita 5, umulike kwa pembeni. Ndani ya ndoo cheche zinakufa. Tanzanaiti igeuze taratibu, maana bluu na zambarau hubadilishana kufuata upande. Piga ule mnunuzi atakaouona kito kikiwa kwenye pete, usimuuzie upande uliofichwa.

Hamisi Sonara: Kabla ya yote, vumbi. Vumbi letu lina chembe za mchanga, ukifuta kavu unakwaruza. Puliza kwanza kwa ile pampu ya mpira ya kusafishia pua ya mtoto, ndipo upitishe kitambaa cha miwani. Kuanzia hapo shika kwa kibano. Dawa ya meno isiguse kilichopakwa dhahabu, inasugua tabaka lote.

Rehema: Ahsanteni sana. Simu ina lenzi tatu, tundu likae kwenye ipi?

Baraka: Fungua kamera, iweke kwenye ukuzaji utakaotumia, funika lenzi moja moja kwa kidole. Ile inayofanya picha ipotee ndiyo hiyo. Fanya hivyo hapo hapo pa kupigia, kwa sababu gizani au karibu sana baadhi ya simu hubadilisha lenzi zenyewe.