Tupeane uzoefu: makaratasi ya mtoto wa kuasili, kutoka Tanga hadi ughaibuni

Mama wa Chumbageni
Ndugu zangu, habari za masiku. Binti yetu katimiza miaka 7 wiki hii, na tangu asubuhi nalikumbuka faili lake la kijani, lenye makaratasi ya kumwasili, yaani kumfanya mtoto wetu kisheria. Naanza mimi, na wengine mliopita njia hii mjazie.

Mume wangu ni Mmarekani, na tulipoanza alikuwa na mwaka wa tano kazini Tanga. Miaka hiyo ndiyo iliyotubeba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na amlee mtoto kwanza angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Binti alikuja kwetu ana miezi minne. Amri ya kuasili tuliipata Mahakama Kuu, hapohapo Tanga. Nililia pale nje hadi shangazi akanifuta machozi kwa mtandio wake. Nilijua tumemaliza.

Kumbe bado. Tangazo la kizazi liliandikwa Mwanaidi, kadi ya kliniki Mwanahidi, ripoti ya ustawi Mwanaid. Sisi tukiitamka tunasikia jina moja. Afisa wa nchi nyingine anasoma herufi, na kwake hao ni watoto watatu. Tuliandika viapo kwa wakili, tukarudi RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, tukasubiri, tukarudi tena. Miezi saba ilikwenda kwa herufi mbili! Tafadhali, kabla hamjafika mahakamani, wekeni karatasi zote mezani msome jina herufi kwa herufi.

Kumwombea viza ya Marekani, sisi tulipita njia ya maombi ya familia, ambapo mzazi ndiye anayemwombea mtoto wake. Marekani wanataka mtoto awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na mzazi awe ameishi naye na kuwa na mamlaka ya kisheria juu yake kwa miaka miwili. Basi tukabaki Tanga hadi ikatimia. Ushahidi ulikuwa vitu vidogo: risiti za chekechea, kadi ya chanjo, mkataba wa nyumba wenye majina yetu. Msitupe risiti.

Kaka wa Pangani
Dada, hongera kwa binti. Yangu haikufika huko. Niko Ujerumani, na nilishachukua uraia wa huku. Marehemu dada yangu aliacha mtoto wa kiume, nikataka nimchukue niwe baba yake. Wakili akaniuliza pasipoti gani ninayo. Tanzania mtu mzima hawi na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mimi niliyezaliwa Pangani, niliyejifunza kuogelea mtoni pale, nahesabiwa mgeni, na ile miaka mitatu inanihusu. Kazi siwezi kuiacha. Kijana yuko kwa bibi yake, natuma ada, tunaongea kila Jumapili. Bado inaniuma. Mwenye mpango kama wangu amwone wakili kabla hajabadilisha pasipoti.

Bi Mkubwa Ngamiani
Wanangu, nami niseme la upande wa dini, maana wengi wetu Tanga ni Waislamu. Kumlea yatima ni thawabu kubwa, ila nasaba yake haifutwi. Qur'ani, sura ya Al-Ahzab, imetuamrisha tuwaite watoto kwa baba zao. Urithi wa moja kwa moja hana, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi. Mjukuu wangu aliyeko Marekani alidhani barua ya kikao cha ukoo na kiapo cha ulezi vitamtosha kumwombea mtoto viza. Wakamjibu kwamba ulezi si kuasili, alete amri ya mahakama. Basi kaeni na shehe wenu na wakili wenu mapema, kila mmoja awaeleze la kwake, msije mkashtuka katikati ya safari.

Msafiri 12
Swali kwa Mama wa Chumbageni: ripoti za Kiswahili mlitafsiri wapi?

Mama wa Chumbageni
BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatafsiri na kuthibitisha, sisi tulikwenda kwao. Kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, tafsiri iwe kamili, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Kurasa za nyuma zenye mihuri nazo zitafsiriwe, sisi ya kwetu moja ilirudishwa kwa sababu hiyo.

Baba Zuu
Na vishoka jamani. Nilimlipa mtu nje ya ofisi fulani, akaniletea muhuri siku hiyohiyo. Ulikuwa wa bandia, na nusura maombi yote yaharibike. Ingieni ndani, pangeni foleni.

Mama wa Chumbageni
Bi Mkubwa, shikamoo. Maneno yako ya nasaba yamenigusa. Cheti kipya kilipotoka, mtu mmoja alinishauri nichome karatasi za zamani zisimchanganye mtoto. Sikukubali. Nakala ya ridhaa ya mama yake mzazi ninayo, hakujua kusaini, ameweka dole gumba. Juzi binti aliniuliza kama yule mama naye ana mwanya. Nikamwambia sijui, mwanangu, nikalifungua faili nikamwonyesha ile alama. Akaweka dole gumba lake juu yake, akakaa nalo hivyo kitambo.