Ruysch kutundikwa ukumbi mmoja na Rembrandt: kipaji au kuwapoza akina mama?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2021 Rijksmuseum, makumbusho ya sanaa kule Amsterdam, Uholanzi, ilitundika kwa mara ya kwanza kazi za wachoraji wanawake, watatu, kwenye Ukumbi wa Heshima zilipo kazi za mchoraji nguli Rembrandt. Mmoja ni Rachel Ruysch (1664–1750), mchora maua. Kastahili?

KobeMzee: Maua tu! Mama yangu kadarizi maua kwenye vitambaa vya kochi miaka 30, mbona hatundikwi?

BintiMrima: Vitambaa unavyovidharau ndivyo vilivyokulipia ada.

KobeMzee: Ada alilipa mzee. Usiingilie ya kwetu.

FundiRangi: Mkimaliza ya ada, ikaribieni picha. Shina limeinama kwa uzito wa ua, jani limetobolewa na mdudu. Halafu maua ya misimu tofauti yamo kwenye chombo kimoja, hayo huyakuti mezani siku moja. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mimea na wa maiti, mtoto kakua anachungulia vitu vilivyohifadhiwa kwenye chupa.

KobeMzee: Kumbe mtoto wa mkubwa. Connection!

PakaShume: Connection ya baba ilifika hadi Düsseldorf, Ujerumani? Mtawala wa kule, Johann Wilhelm, alimfanya mchoraji wa ikulu yake 1708. Naye alikuwa anawapoza akina mama?

MamaPacha: Mie nimekwama kwenye watoto. Huyu dada alizaa KUMI. Mie wawili tu, kucha sijapaka tangu Idi. Nani alikuwa anawashika?

KobeMzee: Si mumewe, Juriaen Pool? Naye mchoraji, bila shaka walisaidiana.

MamaPacha: Thubutu. Wangu yupo hapa sebuleni, mtoto analia, yeye anasoma uzi huuhuu.

BintiMrima: 😂😂 Lazima kulikuwa na dada wa kazi. Huyo ndiye wa kutundikwa.

KobeMzee: Na mshahara wake mnamcheleweshea, halafu mnakuja hapa kutetea wanawake.

BintiMrima: Wangu nampa tarehe moja. Jisemee mwenyewe!

Mleta mada: Jamani, Ruysch!

PakaShume: Alichora mpaka miaka 83, na umri akauandika pembeni ya saini yake.

MamaPacha: Kwa watoto kumi, hata mie ningeuandika. KobeMzee, hujajibu: wako unampa lini?