Animesheni ipi inafaa kueleza huduma ya taa za sola kwa wavuvi wa dagaa?

Muuza Taa, Kirumba
Wakuu, habari za wakati huu. Mimi na mwenzangu tunauza taa za sola za kuvulia dagaa kwa malipo ya awamu, na wateja wetu wengi wako kwenye mialo (sehemu za kuegeshea mitumbwi ya uvuvi) ya Ukerewe, Ziwa Victoria. Maelezo ya mdomo yanatusumbua, kwa sababu mmiliki wa mtumbwi huelewa mkataba hivi na wavuvi wake huuelewa vingine, hivyo tumeamua kutengeneza animesheni ya dakika moja na nusu ya kusambaza kwa WhatsApp. Inapaswa kueleza jinsi malipo yanavyokwenda, na kwa nini betri ya asidi ikiachwa iishe kabisa kila usiku hufa mapema. Fundi mmoja ametushauri 3D (picha za kompyuta zenye umbo la kina kama kitu halisi), mwingine katuni za kawaida, na wa tatu mkono unaochora kwenye ubao mweupe. Bajeti ni ndogo. Tuchague kwa kigezo gani?

Mchora Katuni, Nyegezi
Ndugu, anza kwa kutenga yale ambayo kamera inayaona. Kufunga taa kwenye mtumbwi au kufuta paneli ni mambo ya kurekodi kwa simu palepale mwaloni, na hakuna sababu ya kumlipa mchoraji kwa hayo. Kinachohitaji kuchorwa ni chaji na fedha inavyotembea, na kwa hayo mawili ningechagua 2D (michoro bapa) ya vipande, ambamo mhusika huchorwa mara moja, kichwa, mikono na kiwiliwili kila kimoja peke yake, kisha kompyuta ikavisogeza. Chora betri kubwa yenye mstari mwekundu. Usiku unavyosonga kiwango kishuke, na kikigusa mstari mkono wa mvuvi uzime taa. Tukio hilo lieleweke hata sauti ikiwa imezimwa.

Mbinu ya kupiga picha moja moja za vitu halisi vinavyosogezwa kidogo kidogo inapendeza, ila hata kwa picha 12 kwa sekunde mtahitaji picha 1,080, na siku bei ikibadilika mtarudia sehemu nzima. Kwenye 2D mnabadilisha tarakimu tu. Ubao mweupe siupendekezi: maneno ni mengi, skrini ni ndogo, na mkono wenyewe ni uleule wa kununuliwa mtandaoni ambao tumeuona katika kila tangazo la mikopo.

Fundi wa 3D, Ilemela
Naomba kutofautiana kidogo na mkuu hapo juu. 3D ina mahali pake, hasa pale umbo lenyewe linapokuwa somo, kwa mfano kuonyesha maji yanavyopenya kwenye kiungio cha waya kisichokazwa, na programu ya Blender ni ya bure. Hata hivyo ni lazima niseme gharama yake kwa uwazi: dakika moja na nusu kwa fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde ni fremu 2,250, na kompyuta ikitumia dakika moja kwa kila fremu, hizo ni zaidi ya saa 37 mfululizo, umeme usipokatika. Kwa mkataba wa malipo siwezi kumshauri mtu aingie huko.

Mkaazi wa Nansio
Nakubaliana na 2D, kwa sharti kwamba wahusika wasisemeshwe midomo. Tumieni sauti ya msimulizi, kwani hapo mtaweza kuweka Kikerewe au Kijita juu ya picha zilezile bila kuchora upya. Rangi ziwe nzito, kwa kuwa video itatazamwa juani, na isambazwe wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa wamepumzika nchi kavu.

Lakini kuna jambo linalotangulia mbinu. Baada ya mauzo, gharama huondolewa kwanza, kisha mmiliki na wavuvi hugawana kinachobaki. Je, awamu ya taa inakatwa kabla ya mgawo, au inatoka kwenye fungu la mmiliki peke yake? Ugomvi mwingi huku unaanzia hapo, na mchoraji hawezi kuchora mshale wa fedha usiojulikana unatokea wapi.

Muuza Taa, Kirumba
Nawashukuru sana. Mkataba wetu haukutamka jambo hilo, nao kila mmiliki amekuwa akikata apendavyo. Tutakaa na wamiliki kwanza ndipo tumkabidhi mchoraji kazi ya 2D, na ufungaji wa taa tutaurekodi wenyewe kwa simu.