Nimepandisha Ubuntu kutoka 22.04 kwenda 24.04: kioo cha pili hakiwaki, feni inalia

MpigaPicha_Moro
Wakuu, heshima kwenu. Nina kompyuta ya mezani, mtumba wa ofisini niliyoifungia kadi ya picha ya NVIDIA GTX 1050 Ti, nahariri nayo video za harusi kwa Kdenlive. Jana usiku nimeipandisha Ubuntu, ikamaliza salama. Asubuhi nawasha: maandishi makubwa kama ya bango, kioo cha pili giza, nikisogeza dirisha linakuja vipandevipande, na feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikiandika nvidia-smi inajibu kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva (programu inayoendesha kadi). Nimeifuta draiva na kuirudisha mara mbili, wapi. Nina video ya send-off ya kukabidhi Jumamosi. Naombeni msaada, ila msiniambie nirudi Windows.

Kijana_wa_Chini
Rudi Windows mkuu 😂
Natania. Nenda tovuti ya NVIDIA, shusha lile faili la .run, lipige kwa sudo, umemaliza.

MamaTerminal
Moro, usimsikilize huyo kwanza. Faili la .run linajiweka nje ya apt, ile ambayo Ubuntu huitumia kuweka programu. Draiva mbili zikija kugongana humo ndani, utatafuta mchawi bure.
Feni inalia kwa sababu kadi imelala na CPU ndiyo inayochora kila kitu. Fungua Settings, nenda System, About, System Details, kwenye Graphics ukiona llvmpipe au Software Rendering, ndiyo hiyo. Kisha piga hizi tatu:

dkms status
mokutil --sb-state
sudo modprobe nvidia

Tuletee majibu yenyewe, neno kwa neno. "Imekataa" siyo jibu.

MpigaPicha_Moro
llvmpipe ipo kweli. Ya kwanza inaonyesha nvidia/535 kwa kerneli (kiini cha mfumo) 6.8, mwishoni "installed". Ya pili: SecureBoot enabled. Ya tatu: could not insert 'nvidia': Key was rejected by service.

MamaTerminal
Hapo tumeshaikamata. Draiva yako nzima, wala usiifute tena. Imejengwa ila kerneli haimjui aliyeitia saini, na Secure Boot (kinga inayokagua saini wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, modyuli, yaani kipande cha draiva kinachoingia kwenye kerneli, yenye saini ngeni hairuhusiwi kuingia.
Niambie ukweli: wakati wa kupandisha hukuulizwa utunge nywila? Na ulipowasha mara ya kwanza, haikuja skrini ya bluu?

MpigaPicha_Moro
Aisee. Nywila niliulizwa, nikaandika chochote. Skrini ya bluu ilikuja nikadhani imeshakufa, nikaenda kuchukua chai. Narudi, imejiwakia yenyewe.

MamaTerminal
Chai imekuponza. Ile skrini inakusubiri sekunde 10 tu, ukikaa kimya inapita na ufunguo wa saini (MOK) hausajiliwi. Anza upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakuomba nywila ya mara moja. Tumia herufi ndogo na tarakimu tupu, maana alama nyingine huko kwenye bluu zinaweza kukaa vitufe tofauti, na uiandike kwenye karatasi. Washa upya, bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka nywila, Reboot.

Fundi_BIOS
Mbona mnazunguka? Aingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) azime Secure Boot, dakika mbili.

MamaTerminal
Inafanya kazi, sikatai. Lakini kama kuna Windows yenye BitLocker (kufuli ya diski) kwenye mashine hiyohiyo, inaweza kumdai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kama hajui alikouweka, hapo ndipo atalia vizuri.

MpigaPicha_Moro
Windows ipo kweli, ya mdogo wangu. Ngoja nifuate ya mama.

MpigaPicha_Moro
Wakuu, IMEKUBALI! Nywila nilikosea mara ya kwanza kwa kutetemeka. Sasa nvidia-smi inaonyesha kadi mpaka nyuzijoto zake, vioo vyote viwili vinawaka, feni kimya. Shikamoo mama. Swali la mwisho: kerneli mpya ikija, narudia tena haya yote?

MamaTerminal
Marahaba. Hurudii. DKMS itaijenga draiva upya na kuitia saini kwa ufunguo huohuo, ambao sasa unajulikana. Ukiiona tena ile bluu, kaa hapohapo usome.

Kijana_wa_Chini
Na chai achukue kabla ya kuwasha.