Naomba ushauri: fomu ya PHP inachanganya malipo ya wakulima wa mwani

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Niko Micheweni, Pemba. Nawatengenezea akina mama wa mwani fomu ya kuandikia mzigo siku ya mizani. Kila mama ana mstari wake: jina, aina ya mwani, kilo, na kisanduku cha kutiki akishalipwa. Majina ya sehemu nimeyatia mabano ya mraba, kilo[], lipwa[], ili PHP (lugha ya programu inayopokea fomu kwenye seva) izipokee kama orodha, kisha nazungusha kwa foreach, amri ya kupitia orodha kipengele kimoja kimoja.

Juzi mama ambaye hajapata hata senti alionekana kalipwa. Nilikesha nikitafuta. Kumbe kisanduku kisichotikiwa hakitumwi kabisa, kwa hiyo orodha ya lipwa inakuwa fupi, na tiki ya mstari wa tano inakaa kwenye wa tatu! Nafikiria kuweka namba ya mwanachama ndani ya mabano, kilo[17], lipwa[17]. Hiyo yatosha, au mnatanguliza pia sehemu iliyofichwa yenye jina lilelile na thamani 0?

Tena kuna max_input_vars, kikomo cha PHP cha idadi ya sehemu inazopokea kwa mara moja, ambacho kwa kawaida ni 1000. Mistari yangu 340, kila mmoja wenye sehemu tatu, inapita hapo hata bila tiki, na ya mwisho haifiki kwenye hifadhidata. Niongeze kikomo au nigawe ukurasa kwa vijiji? Moyo wangu uko kwenye kugawa, ila mizani ni moja na foleni ndefu.

Hizi ni hela za watu walioshinda baharini maji yakipwa, sitaki kukosea tena. Aliyewahi kulipitia hili anisaidie, hata kwa mistari michache ya msimbo.