Naomba ushauri: tairi na breki za matope na barafu Ubelgiji

Ndugu wapanda baiskeli, jambo. Tunatoka Goma watu wanne, tunapandia ndege Kigali kwenda mbio za siklokrosi (baiskeli kwenye matope, nyasi na mchanga) Ubelgiji mwezi wa kwanza. Sheria ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, hairuhusu upana wa tairi kuzidi milimita 33. Kwa matope tunapanga upepo wa bari 1.5 kwa mpandaji wa kilo 65, na meno marefu yaliyoachana ili udongo udondoke. Lakini baridi ikigandisha usiku, mifereji iliyochimbwa na magurudumu njiani inakuwa migumu kama mawe ya volkano ya Nyiragongo. Kwa upepo mdogo hivyo rimu inagonga na tairi linapasuka. Mnaongeza kiasi gani? Au mnangoja jua lilainishe uso wa juu, ndipo mnapunguza?

Breki za diski ndizo zinatusumbua zaidi. Pedi laini huisha upesi kwenye matope yenye mchanga, pengine ndani ya mbio moja. Za chuma hudumu, ila hupiga kelele na huchelewa kushika zikiwa baridi. Mngechagua zipi?

Tena, baada ya kuosha, maji huganda ndani ya ala ya kebo ya gia na gia zinakataa kuhama. Mnakausha kwa kitu gani? Baiskeli za akiba ni mbili tu, fundi mmoja.